Catan imenikimbizia wageni. Anayeanza gemu za mezani mnamwanzisha na ipi?

#1 Mgeni Mezani

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi na jamaa zangu tumejijengea utaratibu wa kukutana kila Jumamosi kucheza gemu za mezani za kisasa, zile za maboksi makubwa, sio ludo wala drafti. Wanaojua tuko watatu. Juzi tukaalika wenzetu watatu ambao hawajawahi hata kuzishika, tukawawekea Catan, maana kila unapopita unaambiwa huo ndio mlango wa kuingilia. Ilibuniwa na Klaus Teuber, imetoka 1995, na mwaka huohuo ikachukua Spiel des Jahres, tuzo ya mchezo wa mwaka kule Ujerumani. Nikaona hapo sina cha kukosea.

Baada ya masaa mawili na nusu, mmoja alikuwa kwenye simu yake, wa pili anasema kichwa kinamgonga, na shemeji yangu amekaa na vijiji vyake viwili vilevile alivyoanza navyo. Hajaongeza hata kimoja. Kila dadu zikirushwa anainama kuangalia, hapati kadi, anarudi kuegemea kiti. Wakati wa kuagana akasema, "Siku nyingine nitakuja kuwaangalia tu." Hiyo kauli imenikaa kifuani hadi leo.

Hoja yangu: Catan si gemu ya anayeanza, tumekaririshwa. Swali langu: tupo sita, nusu wageni. Jumamosi niwawekee nini ili warudi kucheza, wasije kuangalia?

#2 Dadu Sita

Nakuunga mkono. Tatizo la Catan ni dadu. Vijiji vyako vinakaa kando ya vigae vyenye namba, na unapata kadi pale tu namba yako inapotoka. Unaweza kupanga kila kitu vizuri, halafu namba yako isitoke nusu saa nzima. Mzoefu anavumilia kwa sababu anajua itatoka tu. Mgeni anaona gemu imemkataa.

Waweke Ticket to Ride. Ya Alan R. Moon, 2004, nayo ilichukua tuzo hiyohiyo mwaka huohuo. Ikifika zamu yako unafanya jambo moja kati ya matatu: chukua kadi za rangi, au weka mabehewa yako kwenye njia, au chukua tiketi mpya, yaani safari ya kuunganisha miji miwili. Basi. Mtu anaelewa kabla hujamaliza kusema.

#3 Msoma Kanuni

Naomba nirudi kwenye bandiko la kwanza kabla hatujakimbia. Mkuu unasema mlikuwa sita. Boksi la kawaida la Catan ni la watu watatu au wanne. Watano na sita wanahitaji boksi la nyongeza. Mlichezaje?

Na Dadu Sita, Ticket to Ride inaishia watu watano. Yeye yuko na sita.

#4 Mgeni Mezani

Mkuu #3, umenibana vizuri. Tulijigawa timu nne. Wageni wawili kila mmoja alikaa na mzoefu wake, mimi peke yangu, na shemeji peke yake kwa kuwa alionekana mwepesi wa kushika mambo.

#5 Mama Zawadi

Hapo sasa mwanangu ndipo jibu lilipo, na Catan umeionea. Huyo wa simu na huyo wa kichwa ni wale waliounganishwa na wazoefu, ndiyo au siyo? Basi hao hawakucheza. Walikaa pembeni ya mtu anayecheza. Mzoefu anaamua, anarusha, anabadilishana kadi na wengine, halafu anamgeukia mwenzake, "Si ndiyo eeh?" Hata ungewawekea gemu tamu kuliko zote duniani wangetoa simu.

Kanuni yangu nyumbani ni moja: kila aliyekaa mezani ana kadi zake mkononi mwake. Idadi ikizidi, tunabadilisha gemu, hatuunganishi watu.

#6 Mgeni Mezani

Ndio haohao wawili, mama. Sikuwa nimeliona hilo kabisa. Asante.

#7 Msoma Kanuni

Na shemeji? Aliweka vijiji vyake kwenye namba zipi, unakumbuka?

#8 Mgeni Mezani

Nakumbuka vizuri maana nilimwangalia kwa huruma usiku kucha. Cha kwanza kiligusa 3, 11 na 12. Cha pili kiligusa 4, 10 na jangwa. Alipenda kona ile kwa sababu ilikuwa na nafasi, hakuna aliyemkaribia.

#9 Msoma Kanuni

Hakuna aliyemkaribia kwa sababu nyie mlijua.

Tupige hesabu pamoja. Dadu mbili zina mitokeo 36. Namba 3 inatoka kwa njia 2, 11 njia 2, 12 njia 1. Hapo 5. Namba 4 njia 3, 10 njia 3. Hapo 6. Jangwa halitoi kitu. Jumla 11 kati ya 36. Yaani katika kila mirusho kumi, karibu saba anatoka mikono mitupu. Aliyeshika 5, 6 na 9 kwa kijiji kimoja tu ana 13 kati ya 36. Shemeji na vijiji viwili hakumfikia mtu mwenye kimoja kizuri.

Na hii haikuwa lazima itokee. Kitabu cha kanuni cha Catan kina mpangilio maalumu kwa wanaoanza: ubao umeshapangwa, na vijiji vya kila mmoja vimeshachorwa pa kukaa. Umewekwa pale ili mgeni asimalize gemu yake kabla hajairusha dadu ya kwanza. Mliutumia?

#10 Mgeni Mezani

Hatukuutumia. Tulichanganya vigae tu kama tunavyofanya siku zote.

#11 Dadu Sita

Bado nasema ni dadu. Gemu inayokuruhusu ufe kwenye dakika ya kwanza halafu ukae masaa mawili ukisubiri kuzikwa, haifai kwa mgeni, kitabu kiseme kisichosema. Kwenye Ticket to Ride hata anayeburuza mkia kila zamu ana la kufanya.

#12 Kaka Tulia

Dadu Sita, ukweli ni kwamba hata Ticket to Ride ina mtego wake. Tiketi usiyoimaliza inakukata pointi zake. Mdogo wangu mara ya kwanza alichukua tiketi mpya karibu na mwisho, zote ndefu, akidhani ni zawadi. Mwenzake akabakiwa na mabehewa mawili, na ukifika hapo kila mtu anapata zamu moja tu ya mwisho. Alipigwa tiketi tatu kwa mpigo. Alikuwa wa pili, akaishia wa mwisho. Alinyamaza njia nzima kurudi nyumbani.

Siku hizi nikimfundisha mtu namwambia kabla hatujaanza: tiketi ni ahadi, usiahidi usichoweza.

#13 Binti Makini

Wote mnazungumzia gemu, mimi naomba nizungumzie mfundishaji. Mgeni Mezani, uliwaeleza kanuni kwa dakika ngapi kabla ya kuanza?

#14 Mgeni Mezani

Kama arobaini hivi.

#15 Binti Makini

Dakika arobaini za kusikiliza mambo ya mwizi, bandari, kadi za maendeleo, barabara ndefu na jeshi kubwa, mtu hajagusa hata kete moja. Hapo umewapoteza kabla ya dadu za Dadu Sita na hesabu za Msoma Kanuni.

Mimi nafundisha hivi na imenisaidia sana. Kwanza namwambia mtu anashindaje: "Wa kwanza kufika pointi 10 ndiye mshindi. Kijiji pointi moja, mji pointi mbili." Anajua anakwenda wapi. Pili, zamu yake ikoje: rusha, kusanya, badilishana, jenga. Halafu tunaanza. Mwizi namweleza namba 7 ikitoka, na hiyo haikawii. Bandari namweleza pale anapoizingatia kwa macho. Raundi mbili za mwanzo tunacheza kadi zikiwa wazi mezani, kila mtu anaona za mwenzake, namuuliza "ungefanya nini hapa, na kwa nini?" Kisha tunakusanya na kuanza upya.

Neno moja la ziada: mfundishaji asishindane kwa nguvu siku ya kwanza. Simaanishi umwachie ashinde, mtu mzima atajua. Namaanisha usimzibie njia yake ya pekee.

#16 Karata Mkononi

Nakazia #15 kwenye kufundisha. Ila kwa sita, nusu wageni, jibu ni 6 nimmt! Ya Wolfgang Kramer, 1994, watu wawili hadi kumi, kadi 104 tu, haina ubao wala dadu.

Kila mtu anapewa kadi kumi. Mezani kuna mistari minne. Wote mnachagua kadi moja kwa siri, mnafunua kwa pamoja, na kuanzia ndogo kwenda kubwa kila kadi inakwenda kwenye mstari ambao mwisho wake ni mdogo kuliko hiyo kadi na upo karibu nayo zaidi. Kadi yako ikiwa ya sita kwenye mstari, unabeba zile tano, na vichwa vya ng'ombe vilivyochorwa juu yake vinahesabika kama hasara. Kadi ya 55 peke yake ina vichwa saba.

Muda wa kufunua ndio wenyewe. Umeshika 43, mstari unaishia 41, ni wa kadi nne. Unajiambia niko salama, nitakuwa wa tano. Mnafunua: jirani yako ana 42. Yeye ndiye wa tano. Wewe sasa ni wa sita. Meza nzima inapiga kelele na hujui hata umlaumu nani, kwa sababu naye alikuwa anajiokoa. Nimeona mgeni na mzoefu wakibeba mstari uleule kwa makosa yaleyale. Hakuna anayebaki nyuma.

#17 Pweza

Sita kwa sita mimi nawagawa watatu watatu, naweka Codenames. Vlaada Chvátil, imetoka 2015, ikachukua Spiel des Jahres 2016. Maneno 25 mezani, viongozi wawili ndio wanaojua yapi ni ya timu ipi, kiongozi anatoa neno moja na namba ya maneno anayoyalenga. Wenzake wanakisia. Neno moja kati ya 25 ni la muuaji, ukiligusa mmekwisha.

#18 Nyota Njema

Pweza, lugha je? Nilinunua la Kiingereza, mama yangu mkubwa akakaa nasi, anakielewa Kiingereza lakini si cha kuchezea. Kila neno anauliza, na akiuliza timu pinzani inajua anafikiria lipi. Alijiondoa mwenyewe kwa adabu. Hili jambo watu hawaliweki kwenye orodha zao za "gemu nyepesi". Gemu ni nyepesi kwa nani?

#19 Pweza

Dada, sisi tulitengeneza ya Kiswahili kwa mkono. Tulikata karatasi ngumu vipande mia mbili, tukaandika maneno, ile ramani ya viongozi tukaitumia ileile ya boksi. Na nikwambie, Kiswahili kinaizidi gemu utamu, kwa sababu ya maneno yenye maana mbili tatu. Weka "paa": ni la nyumba, ni mnyama, na ni kuruka juu. "Kaa", "tai", "kanga", "barabara", "mwezi". Kiongozi anatoa "Anga: 3" akiwa na mwezi, tai na paa, timu inakaa inabishana paa ni lipi kati ya matatu.

#20 Mama Zawadi

Sisi pia tunayo ya hivyo. Mara ya kwanza kuwa kiongozi nilikuwa na "tai" na "mkufu", nikatoa "Shingo: 2" kwa furaha zote. Mume wangu bila kusita akaweka kidole kwenye "twiga". Twiga ndiye alikuwa muuaji. Nilikuwa nimemwangalia huyo twiga tangu mwanzo na sikumwona.

#21 Kaka Tulia

Naomba ufafanuzi hapo kwenye "neno moja". Kwa Kiswahili neno moja ni nini? Rafiki yangu alitoa "Tulichelewa: 2". Nikamwambia hiyo ni sentensi nzima, ina mtenda, ina wakati, ina kitendo. Akasema iandike, uone kama kuna nafasi katikati. Hatukuelewana.

#22 Pweza

Sisi tuliweka sheria: neno liwe lile unaloweza kulifungulia kamusi. "Chelewa" ruksa, "tulichelewa" hapana.

#23 Binti Makini

Kubwa kuliko hilo ni ngeli. Kuna mtu alitoa "Kinachoelea: 2". Papo hapo timu yake ikatupa "meli" na "jani", kwa sababu meli inaelea na jani linaelea, wakabaki na "kisiwa" na "chombo". Wakapata yote mawili. Kanuni za Codenames zinasema dokezo liwe la maana, lisiwe la herufi wala umbo la neno. Mimi nilisema hapo ki- ndiyo iliyofanya kazi, sio kuelea. Wangesema "kuelea" tu, meli ingeguswa kwanza.

#24 Karata Mkononi

Napingana na wewe dada Binti Makini. Ki- hapo ni ya "kitu". Kitu chochote kinachoelea, hata meli ni kitu. Kosa ni la timu iliyotafsiri kama ngeli, sio la aliyesema.

#25 Binti Makini

Kama ni ya "kitu", kwa nini meli iliachwa na wote watatu kwa wakati mmoja bila kuongea?

#26 Msoma Kanuni

Kanuni zenyewe zimewaachia hapo: mpinzani akiridhia dokezo, limepita. Kwa hiyo ulizeni timu ya pili kabla ya kukisia.

Na kwa mnaopenda maneno lakini hamtaki timu, ipo Just One. Watu watatu hadi saba, wote upande mmoja. Mmoja anakisia, wengine kila mtu anaandika neno moja kwa siri, halafu yanayofanana yanafutwa kabla mkisiaji hajaona. Juzi neno lilikuwa "mwalimu". Watano tukaandika: shule, shule, somo, masomo, chaki. Shule mbili zimekwenda. Somo na masomo ni neno lilelile kwa umoja na wingi, zimekwenda. Ikabaki chaki peke yake mezani, na mkisiaji akasema "ubao". Na angekuwepo aliyeandika "elimu" tungelifuta pia, maana neno la ukoo mmoja na neno la siri haliruhusiwi, na elimu na mwalimu ni shina moja.

#27 Nyota Njema

Kwa mtu kama mama mkubwa wangu nimepata Dixit, sijui kama imetajwa. Ya Jean-Louis Roubira, 2008. Kadi zake hazina neno hata moja, ni michoro mitupu kama ndoto. Ukiwa msimulizi unachagua kadi yako, unatoa neno au sentensi kwa lugha yoyote, wengine wanatoa kadi zao zinazofanana na ulichosema, zinachanganywa, watu wanapiga kura ipi ni yako. Wakijua wote hupati pointi. Asijue yeyote hupati pointi. Inabidi wajue baadhi tu. Mama mkubwa amekulia kwenye mafumbo, alitushinda siku ya kwanza. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua, na hapa unawahitaji wote wawili.

#28 Dadu Sita

Dixit naipenda ila wapo watu wanaogandishwa na kuambiwa "sema chochote". Mpe huyo kanuni ngumu atakushukuru, mpe uhuru atatoka jasho. Rafiki yangu ni fundi wa hesabu, kwenye Azul, ile ya kupanga vigae vya rangi, anakuua, kwenye Dixit kila kadi yake anasema "rangi". Kwa hiyo tusiseme nyepesi ni nyepesi.

#29 Mpya Kabisa

Naombeni kuuliza, na Wingspan? Nimeona ina ndege wazuri na ilichukua hiyo Spiel des Jahres.

#30 Msoma Kanuni

Karibu sana. Rekebisho dogo: Wingspan ya Elizabeth Hargrave ilichukua Kennerspiel mwaka 2019, tuzo dada iliyoanzishwa 2011 kwa ajili ya wenye uzoefu kiasi. Spiel des Jahres ya 2019 ilikwenda kwa hiyohiyo Just One. Ukiona "Kenner" jua si ya usiku wa kwanza. Ina kadi 170 za ndege, nyingi zikiwa na uwezo wake ulioandikwa, na kila mtu anasoma za kwake kimyakimya. Kwa wageni watatu utasimama nyuma ya viti vyao usiku mzima.

#31 Kipepeo

Mbona hakuna aliyetaja za kushirikiana? Anayeanza anaogopa kushindwa mbele za watu. Pandemic, Matt Leacock, 2008: mnapambana na magonjwa manne, mkishinda mmeshinda wote.

#32 Mama Zawadi

Pandemic nimeicheza na ndugu mmoja ambaye anajua zaidi. "Wewe nenda pale, tibu. Wewe mpe kadi. Wewe baki." Wanne mezani, anayecheza mmoja, sisi tukawa mikono yake. Nimesharudi kwenye jambo langu la #5. Na inaishia watu wanne.

#33 Kipepeo

Kweli mama, huo ugonjwa upo. Dawa yake ni zile ambazo kanuni zenyewe zinazuia kusema. Hanabi, unashika kadi zako zikiwatazama wenzako, wao wanaona, wewe huoni, na madokezo yana idadi. Au The Mind, kadi 1 hadi 100, mnaziweka kwa mpangilio bila neno hata moja. Mjuaji hana pa kushikia.

#34 Karata Mkononi

Na za kufichana nani mwema na nani mbaya je? Avalon inabeba watano hadi kumi. Kwa sita ni wema wanne, wabaya wawili.

#35 Kaka Tulia

Naomba msimpelekee mgeni Avalon siku ya kwanza. Nilimwangalia rafiki yangu machoni nikamwambia "mimi ni mwema, naapa", naye akaniamini, akawapinga wengine wote kwa ajili yangu. Nilipofunua kadi alicheka na wengine. Kesho yake akanipigia: "Ulivyoapa ilikuwa rahisi sana kwako eeh?" Tuliongea muda mrefu. Tulipatana, ila hizo gemu zinataka watu wanaojuana vizuri, na tangu hapo kuapa nimekuacha nje ya meza.

#36 Pweza

Angalau kwenye Avalon hakuna anayetolewa. Ile ya mbwamwitu, ambayo kila usiku wa gemu mtu anauawa na kutolewa, iliyotokana na Mafia ya Dimitry Davidoff ya 1986, nilitolewa usiku wa kwanza nikiwa mgeni. Sijasema neno hata moja. Nilikaa dakika hamsini nikiwasikiliza wakijadili kifo changu.

#37 Dadu Sita

Kama Monopoly. Unafilisika mapema halafu unawasubiri wenzio hadi usiku.

#38 Msoma Kanuni

Monopoly nayo inasingiziwa nusu. Kanuni inasema mtu asipotaka kununua kiwanja alichotua, kinapigwa mnada palepale kwa wote. Nyumba nyingi hazifanyi hivyo. Na ule mtindo wa kuweka faini katikati ya ubao ili atakayetua kwenye maegesho azoe, haumo kwenye kanuni, watu wameuongeza wenyewe. Ondoa huo, rudisha mnada, uone inavyokwisha mapema.

#39 Dadu Sita

Mkuu, ikiisha mapema bado kuna aliyefilisika mapema zaidi. Hilo hujalijibu.

#40 Mgeni Mezani

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Shemeji alikuja. Alikaa kiti cha pembeni kama alivyoahidi, "naangalia tu". Nikaweka 6 nimmt (asante #16), nikagawa kadi kumi na kwake nikagawa, sikusema kitu. Alizichukua. Maelezo yalichukua dakika nne, nilihesabu. Raundi ya pili alitoa 56, jirani akatoa 55, na mstari ulikuwa na kadi nne. Ile 55 ikakaa ya tano, 56 ikawa ya sita, akabeba mstari wote na vile vichwa saba ndani yake. Alisimama kwenye kiti! Mara ya kwanza namwona anasimama mezani kwangu.

Kisha Dixit. Yule wa kichwa ndiye aliongoza. Dokezo lake moja lilikuwa neno "Deni", wawili tu wakaipata kadi yake. Yule wa simu aliendelea kuishika simu kwa Dixit, ila kwenye 6 nimmt aliiweka mfukoni. Sijui niseme nini juu ya huyo.

Sasa sikilizeni. Wakati wa kukunja, shemeji akauliza, "Ile ya vijiji mnayo bado?" Nikamwonyesha vile vidoti vilivyo chini ya kila namba, kwamba vingi maana yake inatoka mara nyingi. Akaviangalia kimya, halafu akasema, "Mbona hukunionyesha hivi siku ile?" Anataka Catan Jumamosi hii.

#41 Binti Makini

Mfundishaji. Amekwambia mwenyewe kwa mdomo wake.

#42 Dadu Sita

Hapana, amerudi kwa sababu ameonjeshwa gemu inayomjali kwanza. Bila 6 nimmt asingeiulizia Catan.

#43 Mama Zawadi

Amerudi kwa sababu alipewa kadi zake mkononi bila kuulizwa.

#44 Karata Mkononi

Na yule wa simu? Kwenye maelezo yenu wote hayumo.

#45 Msoma Kanuni

Mgeni Mezani, mkiwa sita Catan bado ni ya wanne. Una boksi la nyongeza?

#46 Mgeni Mezani

Sina mkuu. Nimeazima Azul, tutagawa meza mbili: wanne Catan kwa ule mpangilio wa wanaoanza, wawili Azul. Nimemwomba yule wa simu tucheze Azul mimi na yeye. Ile ya vijiji nimemwachia shemeji awafundishe.